Batani haijibu, hesabu inatoa maajabu: kutatua matatizo ya JavaScript kwenye peji ndogo

Wakuu, kila wiki napokea maswali yaleyale kutoka kwa watu wanaojifunza kuweka vitu vinavyochezeka kwenye peji zao, yaani menyu ya kufungua na kufunga, kikokotoo cha bei, fomu ya oda, batani ya kutuma ujumbe WhatsApp. Makosa yanajirudia mpaka nimeyazoea. Nimeyapanga hapa kwa dalili, kwahiyo nenda moja kwa moja kwenye dalili yako, na kila sehemu nimeanza na sababu inayotokea sana alafu ndo zinakuja zile za mara chache.

Ila kabla hujagusa chochote fungua konsoli, yaani ile sehemu ya brauza inayoandika makosa ya peji yako. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wanafuta kodi (code) waliyoiandika siku tatu wanaanza upya wakati kosa lilikuwa limeandikwa palepale kwa rangi nyekundu na namba ya mstari juu. Kwenye kompyuta bonyeza F12, au Ctrl+Shift+J ukiwa na Chrome, Mac ni Cmd+Option+J. Kulia kwa ule ujumbe mwekundu utaona kitu kama `menyu.js:14`, maana yake faili menyu.js mstari wa 14, nenda hapo. Zikiwa nyekundu nyingi anza na ya juu kabisa maana mara nyingi hizo zingine zimezaliwa na hiyo. Na rekebisha kitu kimoja, rifreshi, angalia, ndo uende kingine, ukibadilisha vitano kwa pamoja hutajua kipi kimeponya na kipi kimeleta ugonjwa mpya.

Nabonyeza batani, hamna kinachotokea

Hii ndo dalili namba moja na ina sababu nyingi, tulia hapa.

Kwanza angalia kama faili lako la JavaScript limefika kweli. Konsoli ikiandika 404 pembeni ya jina la faili basi brauza imelitafuta ikalikosa. Labda faili liko ndani ya folda ya `js` na wewe umeandika `src="menyu.js"` tu. Au umelipa jina `Menyu.js` kwenye folda, ndani ya HTML umeandika `menyu.js`, kwenye kompyuta yako ya Windows inafanya kazi vizuri kwa sababu Windows haijali herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili, siku unaipandisha hewani kila kitu kinakufa maana seva nyingi za hostingi ni Linux na Linux inajali. Zoea kuandika majina yote ya mafaili kwa herufi ndogo bila nafasi, utaepuka kundi zima la matatizo.

Pili, konsoli inasema `Cannot read properties of null (reading 'addEventListener')`. Hii inatisha watu bure. Inamaanisha ulienda kutafuta batani, hukuipata, mkononi umebaki na null, yaani patupu, alafu ukataka kuitegea sikio hiyo null (kutega sikio ndo `addEventListener`, kukiambia kitu kisikilize mbonyezo). Kwa nini haikupatikana? Mara nyingi ni kwamba skripti imekimbia kabla batani haijazaliwa. Brauza inasoma HTML kutoka juu kwenda chini, ikikuta skripti kule kwenye head inasimama kuitekeleza kwanza, na batani yako iko chini huko haijasomwa bado. Dawa ni neno moja:

```
<script src="menyu.js" defer></script>
```

Hiyo `defer` inaiambia brauza ipakue faili lakini isilitekeleze mpaka imalize kusoma peji nzima. Inafanya kazi kwa skripti zenye `src` tu, kama umeandika kodi ndani ya HTML yenyewe basi ishushe chini kabisa kabla ya `</body>`.

Kama defer ipo na bado ni null, linganisha majina. `getElementById('batani-menyu')` haitaki alama ya reli, `querySelector('#batani-menyu')` inaitaka. Watu wanachanganya hizi mbili sana. Na `batani-menyu` sio sawa na `batani_menyu` wala `bataniMenyu`, kopi jina kutoka kwenye HTML badala ya kuliandika kwa kumbukumbu.

Tatu, `SyntaxError: Invalid or unexpected token`. Ukiona hii na kodi uliipata kwenye ujumbe wa simu au kwenye faili la Word, angalia alama za kunukuu. Word na kibodi za simu zingine zinabadilisha alama zilizonyooka zinakuwa zile zilizopinda, kwa jicho zinafanana, JavaScript haizitambui kabisa. Zifute uziandike upya kwa mkono. Na uelewe kitu kimoja, kosa la sarufi namna hii linaua faili ZIMA, hata ile menyu iliyokuwa inafanya kazi jana kwenye faili hilohilo nayo inalala, ndo maana mtu anasema "nimeongeza mstari mmoja tu kila kitu kimekufa". Ni kweli, mstari mmoja unatosha.

Nne, konsoli ni safi, hamna nyekundu hata moja, lakini batani kimya. Angalia mabano:

```
batani.addEventListener('click', funguaMenyu()); // kosa
batani.addEventListener('click', funguaMenyu); // sawa
```

Ile ya kwanza umeiita kazi (fanksheni) ifanyike saa hiyohiyo peji inapofunguka, na ulichokabidhi kwa batani ni matokeo yake, ambayo ni patupu. Ya pili umekabidhi kazi yenyewe, itaitwa mtu akibonyeza. Hii haileti kosa jekundu ndo maana inapoteza watu masaa.

Bado kimya? Weka `console.log('nimebonyezwa')` mstari wa kwanza ndani ya ile fanksheni. Ujumbe ukitokea, batani inasikia, tatizo liko kwenye mistari ya chini yake. Usipotokea, batani haisikii, na hapo kuna mambo matatu ya kuangalia. Kuna id mbili zinazofanana kwenye peji na `getElementById` imechukua ya kwanza, wewe unabonyeza ya pili. Au kuna kitu kimeifunika batani, labda kile kivuli cheusi cha menyu ambacho kimebaki juu bila kuonekana, bonyeza kulia juu ya batani, chagua Inspect, kama kinachong'aa sio batani basi ndo huyo mwizi wa mibonyezo. Au batani imezaliwa baadaye.

Hilo la mwisho nilieleze kidogo. Umeandika kodi inayotengeneza listi ya bidhaa, kila bidhaa na batani yake ya "Ondoa". Zile zilizokuwepo mwanzo zinasikia, ukiongeza bidhaa mpya batani yake haisikii, kwa sababu ulipokuwa unatega masikio yenyewe haikuwepo. Usihangaike kutega upya kila saa, tega sikio moja tu kwa mzazi wao:

```
listi.addEventListener('click', function (e) {
  const b = e.target.closest('.ondoa');
  if (!b) return;
  b.closest('li').remove();
});
```

Mbonyezo unapanda kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi, mzazi anaangalia aliyebonyezwa ni nani. Hata bidhaa ya kesho itafanya kazi.

Na ukiona `addEventListener is not a function` jua umetumia `querySelectorAll`, hiyo inarudisha kundi zima, huwezi kuliambia kundi lisikilize, lipitie moja moja kwa `forEach`.

Menyu inafunguka na kujifunga hapohapo

Inapepesa tu. Karibu mara zote ni kwamba mbonyezo mmoja umefanya kazi mara mbili, wa kwanza umefungua, wa pili umefunga. Tafuta kama umeweka `onclick` kwenye HTML na tena `addEventListener` kwenye faili, chagua moja. Au umetega sikio ndani ya fanksheni nyingine inayoitwa kila mara, kwahiyo masikio yanaongezeka, hapa utaona dalili ya ajabu kwamba mbonyezo wa kwanza uko sawa, wa pili unagoma, wa tatu uko sawa.

Sababu ingine, umeweka kodi ya "mtu akibonyeza popote nje funga menyu", na umesahau kwamba batani yenyewe nayo iko nje ya menyu. Mbonyezo unaanzia kwenye batani, unafungua, unapanda mpaka kwenye document (peji nzima), unafunga. Kwenye ile kodi ya document weka sharti kwanza: kama `menyu.contains(e.target)` au `batani.contains(e.target)` basi rudi, usifunge.

Nikibonyeza Tuma peji inajirifreshi na niliyoandika yanapotea

Batani yoyote iliyo ndani ya `<form>`, usipoiambia aina yake, yenyewe inajihesabu ni ya kutuma fomu. Kama ni batani ya kawaida tu, mfano ya kuongeza idadi, iandikie `type="button"` na tatizo limekwisha. Kama ni ya kutuma kweli ila unataka JavaScript ishughulike:

```
fomu.addEventListener('submit', function (e) {
  e.preventDefault();
  // kazi yako hapa
});
```

Sikio litegwe kwenye fomu kwa `submit`, lisitegwe kwenye batani kwa `click`, kwa sababu mtu anaweza kumaliza kuandika akabonyeza Enter. Alafu hiyo `e` ndani ya mabano usiisahau. Na `e.preventDefault()` ikae juu kabisa, maana ukiiweka mwisho na kukatokea kosa katikati haifikiwi, fomu inaondoka, peji inarifreshi, na ule ujumbe mwekundu unafutika kabla hujausoma. Ukihisi hicho ndo kinatokea, ndani ya mipangilio ya konsoli weka tiki kwenye Preserve log, ujumbe utabaki hata peji ikirifreshi.

Jumla inakuja 15002000

Dada mmoja anayeuza keki aliniletea peji yake, keki 1500, kupelekewa 2000, jumla shilingi milioni kumi na tano na elfu mbili. Wateja walikuwa wanampigia kumuuliza kama yuko sawa. Hapo JavaScript imefanya kilekile ilichoambiwa, kitu chochote kinachotoka kwenye kisanduku cha kuandikia ni maandishi hata kama kisanduku ni `type="number"`, na maandishi ukiyajumlisha yanaunganishwa. Kinachochanganya watu ni kwamba ukizidisha inakubali, `'3' * '500'` inatoa 1500 vizuri kabisa, kwahiyo mtu anajaribu bei mara idadi, anaona sawa, anaamini, siku anaongeza nauli kwa alama ya kujumlisha ndo balaa linaanza. Dawa:

```
const keki = Number(kisandukuKeki.value);
const nauli = Number(kisandukuNauli.value);
const jumla = keki + nauli;
```

Igeuze kuwa namba mlangoni, pale inapoingia, usingoje katikati ya hesabu.

Jumla ikiandika `NaN` (Not a Number, sio namba) maana yake ulichogeuza hakigeuziki, mara nyingi ni koma au neno TSh. `Number('1,500')` inatoa NaN. Na hapa naomba uniskilize vizuri, usikimbilie `parseInt` kwa sababu tu inaondoa hiyo NaN, maana `parseInt('1,500')` inasoma mpaka kwenye koma inaacha, inakupa 1. Moja! Hamna kosa, hamna nyekundu, mteja anaona jumla ni shilingi moja. Safisha kwanza:

```
const bei = Number(maandishi.replace(/[^\d]/g, ''));
```

Hiyo inabakiza tarakimu tupu, kwa bei za shilingi zisizo na senti inatosha, kama bei zako zina nukta usiitumie maana inafuta na nukta. Na kumbuka kisanduku kitupu kikigeuzwa kinakuwa 0, sio NaN, kwahiyo mtu anaweza kutuma oda ya idadi sifuri, weka sharti la kukataa. Kuonyesha koma kwenye jumla tumia `jumla.toLocaleString('en-US')` ila fanya hivyo mwishoni unapoonyesha tu, usije ukaichukua tena hiyo yenye koma ukaiingiza kwenye hesabu.

Batani ya WhatsApp inafungua lakini namba haipo au ujumbe umekatika

Namba iandikwe kimataifa bila alama ya kujumlisha, bila sifuri ya mbele, bila nafasi. Ya Tanzania inaanza 255, ya Kenya 254, kwahiyo 07… inakuwa 2557…, mtu anaandika 25507… anashangaa inakataa.

Ujumbe kukatika ni kwa sababu ya alama kama `&` na `#` ambazo kwenye anwani zina kazi yake ingine. Mteja akiandika "chapati & maharage" kinachofika ni "chapati" tu. Pitisha ujumbe kwenye `encodeURIComponent` kabla ya kuuunganisha:

```
const kiungo = 'https://wa.me/' + namba +
  '?text=' + encodeURIComponent(ujumbe);
window.open(kiungo);
```

Kama dirisha halifunguki kabisa, labda brauza imelizuia. Brauza inaruhusu `window.open` ikitokea moja kwa moja kwenye mbonyezo wa mtu, ukiichelewesha ndani ya `setTimeout` au baada ya kusubiri jibu la seva inaweza kudhani ni tangazo la kero ikalifungia.

Nimebadilisha kodi, peji haibadiliki

Je umesevu? Je faili unaloedit ndo lilelile unalolifungua? Nauliza kwa nia njema, ndo sababu ya kwanza. Ya pili brauza inatumia nakala ya zamani iliyojiwekea, rifreshi kwa Ctrl+Shift+R. Kwa wateja ambao huwezi kuwaambia wafanye hivyo, badilisha jina kwenye HTML, `menyu.js?v=2`, brauza itaona ni faili jipya italipakua.

Kwangu inafanya kazi, kwa simu ya mteja haifanyi

Anza na kitu rahisi, menyu yako inafunguka kwa kupitisha mausi juu? Simu haina mausi. Tumia `click`, inafanya kazi kote.

Alafu muulize mteja anatumia brauza gani. Watu wengi kwetu bado wanatumia Opera Mini kuokoa bando, na ile hali yake ya kubana data sana haitekelezi JavaScript kwenye simu, peji inatengenezwa kwenye seva zao alafu simu inaletewa peji iliyokwishapikwa, kwahiyo vitu vingi vinavyochezeka vinakwama au vinafanya kazi nusu. Huwezi kulirekebisha hilo kwa kodi. Unachoweza ni kuhakikisha vitu vya lazima, namba ya simu, bei, mahali mlipo, vimeandikwa kwenye HTML ya kawaida na vinasomeka bila JavaScript. Kama menyu imefichwa mpaka skripti iifungue, huyo mteja anaweza asiione kabisa.

Simu za zamani nazo, ukitumia maandishi mapya kama `?.` brauza ya zamani haiyajui, inalihesabu ni kosa la sarufi na faili zima linalala. Ukiwa na simu ya Android na waya, iunganishe kwenye kompyuta, washa USB debugging, fungua `chrome://inspect` kwenye Chrome ya kompyuta na utaiona konsoli ya simu.

Kikapu cha oda kupotea mteja akihamia simu ingine ni kitu kingine. `localStorage` inahifadhi kwenye brauza ile ile kwenye kifaa kile kile, haisafiri kwenda simu ingine. Na inahifadhi maandishi tu, ukiweka kitu chenye sehemu zake (object) bila `JSON.stringify` ukikitoa utakuta `[object Object]`.

Saa ya kuhesabu kurudi nyuma inaisha saa tisa usiku

Umeandika `new Date('2027-01-01')`. Tarehe tupu namna hiyo inasomwa kwa UTC, ile saa ya kimataifa, na sisi Afrika Mashariki tuko masaa 3 mbele, kwahiyo kwetu ni saa 9 usiku. Ongeza muda, `'2027-01-01T00:00'`, itasoma saa ya kifaa cha mtu. Na `getMonth()` inaanza 0, Januari ni 0, Desemba ni 11.

Hapa simama, tafuta developa

Menyu ikigoma hasara ni ndogo. Yafuatayo usiyajaribu peke yako kwenye peji inayotumiwa na watu.

Malipo. Funguo za siri za kuunganisha malipo, kama zile za Daraja ya M-Pesa kule Kenya, haziwekwi kwenye JavaScript ya brauza hata kwa majaribio, kila anayefungua peji yako anaweza kubonyeza F12 kama wewe akazisoma. Zinakaa kwenye seva. Vilevile jumla iliyohesabiwa na brauza ni ya kumuonyesha mteja tu, mtu anayejua kidogo anaweza kuibadilisha kabla ya kutuma, seva lazima ihesabu upya yenyewe.

Nywila na kuingia kwa wateja. Kulinganisha nywila ndani ya JavaScript ya peji ni kufunga mlango na kuacha ufunguo nje.

Maoni ya wateja yanayoonekana kwenye peji. Ukiyamwaga kwa `innerHTML` mtu ataandika kodi badala ya maoni na itakimbia kwenye simu za wateja wako wote. Tumia `textContent`, na kama unahitaji zaidi ya hapo muite mtu. Ukikusanya majina, namba na anwani za watu kuna sheria pia, Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022 za kulinda taarifa binafsi.

Kama ufunguo wa siri ulishaingia kwenye peji, usifute mstari ukalala. Ingia kwa mtoa huduma uufute ufunguo wenyewe utengeneze mpya, leo hii, maana wa zamani unaweza kuwa umeshakopiwa, na kama ulitumia Git (programu inayotunza historia ya kodi) upo kwenye historia hata baada ya kufuta. Alafu unapompigia developa mpe link ya peji, picha ya konsoli yenye ule ujumbe mwekundu mzima na namba ya mstari, aina ya simu na brauza, na hatua ulizofanya mpaka kosa likatokea. Akiwa na hivyo anaanza kazi saa hiyohiyo, asipokuwa navyo unalipia masaa ya kukuuliza.